Wasiwasi Haubembelezwi, Hupimwa

Pantoni ya Kigamboni haijang'oa nanga, mshonaji wetu tayari amekishika chuma cha ubavuni kwa mikono miwili. Moyo unamwenda mbio, vidole vinamfa ganzi, pumzi haishuki, na kichwani kuna sauti moja tu: "Leo nakufa, tena hapa hapa katikati ya maji." Muda mfupi baadaye yuko ng'ambo, Magogoni, mzima, kalowa jasho. Wiki hiyo anakwenda hospitali, anapimwa presha, moyo na damu, kisha anaambiwa, "Mama, huna tatizo lolote." Anarudi nyumbani na karatasi ya majibu mkononi na hofu ile ile kifuani. Tangu siku hiyo pantoni hapandi. Akifuata vitambaa Kariakoo huzunguka na daladala kupitia Daraja la Nyerere, na asipopata wa kumsindikiza, haendi.

Mshonaji huyu nimemtunga. Hali yake sikuitunga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na kwamba kati ya kila wagonjwa wanne, takriban mmoja tu hupata tiba. Wengine watatu huzunguka na daladala.

Neno lenyewe linatuonyesha pa kuanzia. Wasiwasi tumeuchukua kutoka Kiarabu, ambako waswas ni mnong'ono. Mnong'ono una tabia moja: ukiachwa gizani hukua. Ukimbembeleza aliyenong'onezwa, atatulia kwa saa moja, kisha utarudi. Lakini mnong'ono ukiandikwa kwenye karatasi huwa dai kama madai mengine, na dai linaweza kupimwa kama ni kweli. Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya fikra na tabia, ambayo wataalamu wengi huitaja kwa herufi zake za Kiingereza, CBT. Zikariri herufi hizo. Utazihitaji utakapofika kwa mtaalamu.

Wasiwasi wa kawaida au maradhi?

Kila mtu hupata wasiwasi. Mtoto akichelewa kurudi shule, au kesho ukiwa na usaili wa kazi, tumbo kukuchafuka si ugonjwa. Jiulize mambo matatu: hofu yangu imedumu kwa muda gani, inalingana na jambo lenyewe, na je, imevuruga maisha yangu? Mwenye maradhi ya wasiwasi wa jumla huhangaikia mambo mengi, karibu kila siku, kwa miezi sita au zaidi, halafu halali vizuri na misuli humkaza. Mwenye maradhi ya hofu ya ghafla hupata mashambulio kama lile la kwenye pantoni, kisha kwa mwezi au zaidi huishi akiogopa jingine. Wapo wanaoogopa kutazamwa na watu, kiasi cha mtu kukataa kusimama kwenye kikao cha harusi ya ndugu yake. Wapo pia wanaoogopa kitu kimoja mahususi, kama sindano, mbwa au lifti.

Wataalamu wengi hutumia dodoso fupi la GAD-7. Lina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla yake haizidi 21. Ukipata 10 au zaidi, ni vyema umwone mtaalamu. Alama hizo peke yake hazimtangazi mtu mgonjwa. Zinasema tu kwamba jambo lako linafaa kuangaliwa kwa karibu.

Kabla ya tiba ya fikra, mwili uangaliwe. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, pumu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio vinaweza kuleta dalili zinazofanana na hofu. Mwambie daktari ukweli kuhusu kahawa, mirungi, pombe na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, maana vyote huweza kuurusha moyo. Lakini mwili ukishapimwa vizuri na kuonekana salama, pokea majibu. Kipimo cha kwanza ni busara. Cha nne, kwa dalili zile zile, tayari ni sehemu ya ugonjwa.

Mzunguko unaomfunga mtu

Miaka ya 1960 huko Philadelphia, Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck aligundua kwamba chini ya masikitiko na hofu za wagonjwa wake kulikuwa na fikra za haraka mno, zinazopita bila mtu kuzialika, naye huziamini bila kuzihoji. Akaanza kuwafundisha kuzidaka na kuzihoji. Kabla yake kidogo, nchini Afrika Kusini, Joseph Wolpe alikuwa ameonyesha kwamba hofu hupungua mtu akikisogelea kitu anachokiogopa hatua kwa hatua. Mito hiyo miwili, wa fikra na wa tabia, ndiyo iliyokutana na kuwa tiba moja. Mwaka 1986 David Clark, aliyekuwa Oxford, akaeleza siri ya shambulio la hofu: mtu huisoma ishara ya kawaida ya mwili wake kana kwamba ni tangazo la msiba.

Tumrudie mshonaji. Jua ni kali, watu wamebanana, harufu ya dizeli imetanda, na moyo umepanda kidogo, kama ambavyo ungempanda mtu yeyote. Yeye akaisoma ishara hiyo: "Moyo unataka kusimama." Hofu ikaingia, akaanza kuhema haraka. Mtu akihema haraka bila kazi ya kutumia pumzi hiyo, hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, na matokeo yake ni ganzi ya vidole, kizunguzungu na kuhisi pumzi haitoshi. Akaona ushahidi wa msiba wake umekamilika.

Kisha likaja lile linaloudumisha ugonjwa. Alikishika chuma, akainusa ndimu aliyoibeba kwenye pochi, akampigia mumewe simu. Aliposhuka salama, mnong'ono ulibadili maneno tu: "Umepona kwa sababu ya ndimu." Na alipoacha kabisa kupanda, ukamwambia: "Umepona kwa sababu hukupanda." Kwa njia hiyo hofu haipati nafasi ya kukanushwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wahenga walisema kweli. Lakini asiyeugusa tena ung'ongo maisha yake yote atajuaje kwamba hauumi?

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza ni daftari. Chora safu tatu: nini kilitokea, mnong'ono ulisema nini, na niliuamini kwa asilimia ngapi. Andika maneno yenyewe, si muhtasari wake. "Niliogopa" halipimiki. "Nikikiachia chuma nitazirai na kuanguka majini" ni dai kamili, lina mwanzo na mwisho, na mtaalamu anaweza kukaa nalo mezani pamoja nawe.

Dai hilo la kuzirai, kwa mfano, lina jibu la kitabibu. Mara nyingi mtu huzirai presha inaposhuka ghafla, ilhali wakati wa shambulio la hofu presha kwa kawaida hupanda. Ndiyo maana waliokuwa na hakika ya kuzirai mara mia hawakuzirai hata moja. Wanaoogopa damu na sindano wako tofauti: presha yao inaweza kushuka kweli, nao hufundishwa kuikaza misuli ya mikono na miguu ili kuizuia isishuke.

Hatua ya pili ni kuupima mwili mahali salama. Ofisini kwa mtaalamu, mshonaji ataombwa aheme haraka kwa dakika moja, au akimbie pale pale alipo, au azungushwe kwenye kiti. Ganzi na kizunguzungu vitakuja, vile vile vya kwenye pantoni, kisha vitaondoka vyenyewe. Mtu aliyeita dalili hizo "kifo" kwa miaka miwili akizitengeneza kwa dakika moja kwa pumzi zake mwenyewe, mnong'ono umepoteza shahidi wake mkuu. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au ujauzito aseme mapema, ili mazoezi hayo yaachwe au yabadilishwe.

Hatua ya tatu ni ngazi, na hapa ndipo penye uzito wa tiba yote. Mgonjwa hupanga hali anazoziogopa kutoka ndogo hadi kubwa, kila moja akiipa alama ya hofu hadi 100. Ngazi ya mshonaji inaweza kuwa hivi:

Kusimama gatini dakika kumi na tano akizitazama pantoni zikija na kuondoka: 30.
Kuvuka na mumewe saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache: 45.
Kuvuka naye, mume akikaa upande wa pili wa chombo: 60.
Kuvuka peke yake, ndimu ikiwa kwenye pochi: 70.
Kuvuka peke yake, ndimu ikiwa imebaki nyumbani: 80.
Kuvuka asubuhi na mapema, katikati ya umati wa waendao kazini, mikono ikiwa huru: 95.

Kabla ya kila daraja anaandika utabiri wa mnong'ono. Baada yake anaandika kilichotokea. Daraja moja hurudiwa mara kadhaa, siku tofauti, kabla ya kupanda linalofuata. Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto, basi asukumwe saa ya msongamano siku ya kwanza, yaishe. Wasisikilizwe. Mgonjwa ndiye anayepanda ngazi yake, na anakubali kila daraja kabla ya kuweka mguu. Tena asingoje hofu iishe ndipo aihesabu siku kuwa njema. Akishuka Magogoni akitetemeka, lakini daftari likasema "sikuzirai", siku imefanya kazi yake.

Aina nyingine za wasiwasi hutibiwa kwa msingi ule ule, zana zikibadilika. Anayewaza usiku kucha ada, mazao na afya ya wazazi hufundishwa kutenga nusu saa maalumu ya kuwaza, mbali na muda wa kulala, na kuyagawa anayoyawaza mafungu mawili: yenye hatua ya kuchukua leo na yasiyo nayo. La kwanza hupewa hatua. La pili huandikwa na kuachwa hadi kesho saa ile ile. Anayeogopa watu hufundishwa kuyainua macho atazame wenzake badala ya kujichungulia mwenyewe, kisha hutumwa afanye kosa dogo la makusudi, kama kuuliza bei ya kitu ambacho bei yake imebandikwa, aone kama kweli dunia itamcheka.

Inasaidia kwa kiasi gani?

Hapa msomaji anastahili ukweli bila chumvi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikusanya majaribio 41 ambamo wagonjwa watu wazima waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa tiba hii na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa au mazungumzo yasiyo na mbinu zake. Tiba ya fikra na tabia ilishinda, kwa tofauti ambayo kwa ujumla ilikuwa ya wastani. Mapitio mengine, ya mwaka 2015, yalionyesha kwamba takriban nusu ya wanaotibiwa hupata nafuu ya kutosha kuhesabiwa kuwa tiba imewaingia. Ya mwaka 2020, yenye majaribio 69 na wagonjwa zaidi ya 4,000, yalionyesha kwamba faida hiyo kwa sehemu kubwa bado ilionekana mwaka mmoja baadaye.

Kudumu huko ndiko kunakoipa tiba hii thamani yake. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 312 wa hofu ya ghafla. Tiba hii na dawa ya imipramini zote zilisaidia wakati wa matibabu. Matibabu yaliposimamishwa, waliotibiwa kwa fikra na tabia bila imipramini waliishikilia nafuu yao vizuri zaidi. Kidonge kikiisha kimeisha. Aliyejifunza kuvuka, elimu hiyo anaondoka nayo.

Na isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi ya vijiji vilipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Vingine vilipata tiba ya makundi ya kuchunguza fikra, ambayo ni ndugu wa karibu wa tiba tunayoizungumza, ikiendeshwa na Wakongo waliosoma miaka michache ya sekondari, kisha wakafunzwa na kusimamiwa. Miezi sita baada ya tiba kwisha, kwenye vijiji vya msaada wa kawaida asilimia 42 ya wanawake bado walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na sonona au wasiwasi. Kwenye vijiji vya tiba walikuwa asilimia 9. Nairobi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa waliweza, kwa vikao vitano tu vyenye baadhi ya mbinu hizi, kuwapunguzia wanawake waliopitia ukatili mzigo wa moyo kuliko huduma ya kawaida.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu hivi: nusu hupata nafuu nzuri, na nafuu yao huelekea kudumu. Nusu nyingine hawakushindwa kwa uvivu wala kwa udhaifu wa imani. Wengine walihitaji vikao zaidi, wengine dawa pamoja na tiba, wengine walikuwa na sonona au pombe iliyotakiwa kushughulikiwa kwanza. Na wengine, kwa bahati mbaya, waliambiwa wanapewa tiba hii ilhali walikuwa wakipewa mazungumzo matupu.

Ujue unachopewa

Sehemu za kuanzia zipo. Tanzania Bara kuna Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Nairobi kuna Mathari. Kampala kuna Butabika. Hospitali za rufaa za mikoa na kaunti zinaweza kukuelekeza. Ukifika mbele ya mwanasaikolojia au mshauri nasaha, muulize kwa heshima maswali manne:

Je, umefunzwa tiba ya fikra na tabia, na umeshawatibu watu wenye shida kama yangu?
Tutakuwa na vikao vingapi? Kwa kawaida jibu ni kati ya vinane na kumi na tano, mara moja kwa wiki, takriban saa moja kila kimoja.
Wiki hii nitafanya zoezi gani nyumbani?
Tutapimaje kama ninaendelea vizuri?

Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Vikao vikifika vitatu au vinne na hujawahi kupewa zoezi hata moja, uliza. Vikao vikijaa maneno ya kukutuliza tu, "usijali, yatapita", unabembelezwa. Na akikupa zoezi, lifanye. Saa moja ya kikao ni ndogo sana kando ya saa 167 za wiki zilizobaki, na hofu inaishi kwenye hizo.

Kuhusu dawa: zipo zinazosaidia, kama sertralini na fluoxetini, nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Daktari akikupa, usiziache ghafla. Jihadhari zaidi na diazepamu, ile wengi wanayoiita Valium, inayonunuliwa kiholela kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Hutuliza upesi, lakini mwili huizoea upesi pia, na anayeimeza kabla ya kila safari anabaki na ndimu ya namna nyingine: ataamini kidonge ndicho kilichomvusha.

Kuhusu dua na maombi: hakuna mtaalamu mwenye adabu atakayekutaka uache. Omba, kisha panda pantoni. Tatizo huanza pale dua inapokuwa sababu ya kutopanda.

Na nyinyi ndugu wa mgonjwa, mnapenda kumsaidia, lakini kila mnapomjibu kwa mara ya kumi kwamba hatakufa, mnaulisha mnong'ono. Mume wa mshonaji atamfaa zaidi akimwambia, "Najua ni ngumu, mke wangu. Hebu twende tuone leo itakuwaje." Jambo moja tu halingoji daftari wala ngazi: mtu akianza kuwaza kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo maumivu mapya ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani ni ya daktari kwanza.

Wewe uliyesoma hadi hapa kwa sababu kifua chako nacho kinajua habari hizi, usingoje ujasiri ukujie kwanza. Leo kabla ya kulala chukua daftari la mwanao la hesabu, fungua ukurasa wa nyuma, na uandike mnong'ono mmoja kwa maneno yake yenyewe, na asilimia unayouamini. Kesho nenda nao kliniki. Huo ni mwanzo wa tiba, na kalamu inauzwa duka lolote.